Kuku wa mnada Vällingby: jinsi nilivyomwonea wivu Mkenya kwa ajili ya binti yangu

Wakuu, kwa mliozaliwa kabla yangu shikamooni, ingawa nadhani humu mmebaki wachache. Wadogo zangu, marahaba hata kabla hamjasema.

Juzi kuna dada humu aliomba mawazo. Shule ya mwanawe inachangisha kwa ajili ya kituo cha yatima, na wanafunzi wamechoka kuuza maandazi. Watu wakamshauri bonanza, wengine fulana, wengine kuosha magari. Mmoja akasema, fanyeni mnada.

Nilipoliona hilo neno nikaweka simu chini nikacheka peke yangu, mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Nikamwambia, kuku wa Vällingby. Akaacha kuchambua mchele, naye akacheka.

Basi dada, hili ndilo jibu langu, ila ni refu. Na ni kweli tupu. Shahidi amekaa hapa pembeni, nikiongeza chumvi ataniumbua.

Twende.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi ni mtu wa Machame, Mlutheri, na kazi yangu ilinipeleka Stockholm kusomea ufundi wa mitambo ya simu. Baadaye nikamleta mke wangu Ndeshi na binti yetu Aika. Tulikuwa tunakaa Vällingby, magharibi mwa jiji, kwenye maghorofa yaliyo karibu na maduka na kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Habari za baridi sitawaletea. Kila aliyefika huko amekwishawasimulia.

Aika alikuwa na miaka tisa. Kiswidi kilimwingia haraka sana, hata mwaka haukuisha. Mimi changu kilikuwa cha karakana. Ningeweza kukutajia kila waya na kila skrubu, lakini jirani akifiwa nilikuwa nasimama mlangoni kwake nikitikisa kichwa tu, sina neno.

Ikafika mahali mama yake anamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi. Tukaona ni utoto, utapita.

Halafu ukaja mkutano wa wazazi shuleni kwake. Mimi mtu wa heshima zangu, nimevaa suti, nikasimama kumshukuru mwalimu. Sijui nilisema nini, ila nyuma nikasikia vicheko vya watoto. Aika akanivuta koti. Akasema, "Pappa, sluta!" Yaani, baba, acha!

Tena akalirudia lile neno nililolikosea, kwa sauti, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto mzito.

Nikaketi.

Tangu siku ile mikutano ya shule nilikuwa naisikia kwa majirani ikiwa imekwishapita. Yeye haniambii.

Sasa ngoja nimlete Mwangi.

Mwangi alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Nairobi, anakaa ghorofa ya chini kwenye jengo letu. Alikuja kusoma akabaki. Suruali pana chini, nywele zimetimka juu, na gitaa. Ukisikia Kiswidi chake bila kumwona ungedhani ni mwenyeji. Hana mke, hana mtoto, kwa hiyo alikuwa na nafasi nzuri ya kupendwa na watoto wa wenzake.

Aika alimwita farbror Mwangi, yaani baba mdogo. Farbror Mwangi kasema hivi. Farbror Mwangi kaimba vile. Farbror Mwangi anaweza kupiga mluzi kwa vidole viwili.

Nikawa najaribu huo mluzi wa vidole viwili nikiwa kazini, chooni. Haukutoka.

Wakuu, niseme wazi. Nilikuwa na wivu. Mwanamke akiwa na wivu mnamtungia maneno na mnamwandikia kwenye khanga. Mwanamume akiwa nao anasema "yule bwana simwelewi elewi". Mimi nilimwelewa Mwangi vizuri sana. Alikuwa anapendwa na mwanangu, na mimi nilitaka mapenzi yale yaje kwangu. Basi. Na najua kuna atakayeandika hapa chini kwamba mwenye wivu ajinyonge. Karibu.

Ikaja habari ya mchango.

Mwalimu wa Aika, binti mmoja mpole anaitwa Gunilla, alizima taa darasani akawaonyesha picha ukutani. Shule moja ya kwetu Tanzania, watoto wamekaa chini wanaandikia magotini. Akawaambia, darasa letu litachanga ili hawa wenzenu wapate madawati.

Jambo jema. Ila aliposema Tanzania, vichwa vyote viligeuka kumtazama Aika.

Alirudi nyumbani analia. Wamemuuliza kama na yeye alikuwa anakaa chini. Wamemuuliza kama alikuwa na viatu. Mama yake akamkumbatia. Mimi nikataka kwenda kumweleza mwalimu, halafu nikakumbuka Kiswidi changu, nikaacha.

Watoto wa kule wana utaratibu wao wa kuchangisha, na mengine dada unaweza kuyachukua. Hawaendi kuomba tu. Kila mtu anafanya kitu. Kuna waliopita milangoni na kigari kukusanya magazeti makuukuu wakauze kiwandani. Kuna waliooka mikate ya mdalasini. Kuna waliojaza peremende kwenye chupa, unalipa kidogo ukisie ziko ngapi. Wengine waliosha madirisha ya wazee.

Kijana mmoja msemaji sana aliahidi kunyamaza kuanzia asubuhi mpaka jioni, na majirani wakaahidi kumlipa akiweza. Mama yake aliahidi kuliko wote.

Aika yeye mwalimu alimwambia, nenda kaulize nyumbani, kwenu watu wanachangaje?

Akaja kuniuliza mimi.

Nilikuwa nakula. Nikasukuma sahani. Nikamweleza mnada wa kanisani kwetu, pale nje baada ya ibada. Asiye na pesa taslimu analeta alichonacho, mkungu wa ndizi, mayai, kuku. Mzee wa kanisa anainua juu, anataja bei, watu wanapandisha, wanataniana, shemeji anamchokoza shemeji mpaka anafungua pochi. Sikuishia kusimulia. Nilichukua chupa ya maziwa nikainadi pale jikoni. Mama yake akapandisha bei. Aika akapandisha zaidi ya mama yake. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Siku ile nililala nikiwa baba.

Siku ya pili akarudi amefurahi. Darasa limeupenda mnada, utafanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wazazi wote wataalikwa.

Halafu akasema, "Och farbror Mwangi ska ropa ut!"

Farbror Mwangi ndiye atakayenadi.

Nikamuuliza, kwa nini asinadi baba yako? Mnada ni wa kanisani kwa nani?

Akawa anatazama kijiko chake. Akajibu kwa Kiswidi, polepole, kwamba farbror Mwangi wanamwelewa. Tena hawamcheki.

Ndeshi akasema, "Baba Aika, kula."

Nikasema, "Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujala?"

Nimeshiba Mwangi, ndiyo jibu lililonijia, lakini nililimeza.

Mkitaka kujua, kilichoniuma si kunadi. Kilichoniuma ni kwamba niliona hesabu ya mtoto. Ameshaulizwa kama ana viatu. Sasa anatafuta mtu wa kwao wa kumsimamisha mbele ya wenzake, mtu ambaye hawatamcheka, ili aseme huyu ni wetu. Amenitazama mimi, amemtazama Mwangi, amechagua. Na kwa haki, hata mimi ningekuwa yeye ningemchagua Mwangi. Hapo ndipo wivu unapokuwa mchungu, unapoona aliyechaguliwa anafaa.

Jioni yake Mwangi akapanda kuja kwetu. Hakuwa na ubaya wowote, hilo nalo liliniudhi.

"Baba Aika, wewe ndiyo mwenyewe wa hii maneno. Niambie, hii mnada yenu inaendaje? Sisi Nairobi tulizoea harambee, mgeni wa heshima anakuja, anatoa bahasha, kwisha."

Nikamwambia, "Unainua kitu, watu wanapandisha bei, anayeshinda analipa, mnaendelea hivyo hivyo mpaka basi."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Mungu shahidi, sikumficha kitu. Kwangu mimi nilikuwa nimemaliza kila kinachohitaji kuelezwa. Mtakuja kuona kilichosalia.

Nikakaa nikawaza. Nikamuuliza Aika kitu gani kitanadiwa. Akasema keki, na soksi walizofuma.

Soksi!

Mnada gani hauna kuku? Wakuu, hapo nikaiona njia yangu. Mwangi atakuwa na mdomo, mimi nitakuwa na kuku. Watoto wakimwona kuku nani atamwangalia mpiga gitaa?

Kazini kulikuwa na mwenzangu ambaye mama yake alikuwa anafuga huko Tumba, kusini mwa jiji, mwisho wa maghorofa mashamba yalipokuwa yanaanza. Nikamwomba. Nikapanda treni ya kwenda Tumba na kikapu cha Ndeshi, nikarudi na kuku mwekundu mnene, miguu nimeifunga kwa kitambaa, juu nimemfunika taulo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi mgeni mwenzake nikamtendea hivyo hivyo.

Njiani alikuwa anatoa sauti. Kila akitoa sauti, mimi nakohoa. Watu wa kule kwenye treni hawasemezani, na siku ile niliwapenda kwa tabia hiyo. Mama mmoja alilitazama taulo linavyoinuka na kushuka, akanitazama mimi, akarudi kwenye gazeti lake.

Kuna mdau atakayeniuliza hapa chini kwa nini nisingenunua kuku wa dukani. Kijana wangu, wa dukani hana kichwa. Utanadi nini?

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, wazazi, babu na bibi, kahawa kwenye birika kubwa, ile mikate ya mdalasini. Nikaingia na kikapu. Nikaondoa taulo.

Watoto walipiga kelele mpaka Gunilla akaziba masikio. Wakanizunguka wote. Wanauliza jina lake, wanauliza kama anauma. Na Aika akaja akapenya katikati yao akanishika mkono. Mbele ya darasa zima. Akawaambia wenzake, huyu ni baba yangu.

Sijui kama mnaelewa. Alikuwa hajanishika mkono hadharani tangu ule mkutano.

Halafu akaja Mwangi.

Alimchukua kuku kwenye kikapu kwa mikono miwili, akamwinua juu, akasema maneno mawili matatu kwa Kiswidi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wazazi wanapiga makofi, hata kuku akatulia kama amelogwa. Aika akauachia mkono wangu. Akakimbia kwenda kusimama pembeni ya Mwangi kushika kikapu.

Kikapu cha mama yake na kuku wangu.

Nikaenda kukaa kwenye benchi ukutani, chini ya zile kamba za kukwea. Nikakunja mikono. Kama kulikuwa na siku moja maishani mwangu niliyomtamania mtu mwingine koo limkauke, ni ile.

Halikukauka. Alinadi vizuri, jamani. Alikuwa anajua nani wa kumtania na nani wa kumsifu. Bei ikapanda, wakabaki wawili, mwisho akashinda mzee mmoja anaitwa Sven. Mjane, mpole, alikuwa na kibustani nje ya mji, kila mtu Vällingby alimfahamu. Makofi. Mzee akaenda kwenye meza ya Gunilla, akalipa.

Mimi nikasubiri aseme neno.

Hakusema.

Akamtia kuku ndani ya koti lake, kichwa kimechungulia kifuani. Akavaa kofia. Akaanza kwenda mlangoni.

Mwangi akamshukuru, "Tack, tack!" Akachukua keki.

Nikabaki mdomo wazi. Huyu mzee anakwenda wapi na kuku?

Sasa kwa vijana mliokulia mijini ambao hamjawahi kusimama nje ya kanisa la kijijini baada ya ibada, niwaeleze. Kuku wa mnada ukishamnunua HUONDOKI NAYE. Unalipa, unasema "narudisha", ananadiwa tena. Anayefuata naye analipa, anarudisha. Kuku mmoja anaweza kununuliwa na usharika mzima. Wa mwisho ndiye humchukua, au humnunua akamkabidhi mtu anayetaka kumheshimu, bibi mzee au mgeni. Ukinunua mara ya kwanza tu ukatia kwapani ukaenda zako, utasemwa mpaka Krismasi, na mkeo hatajua auweke wapi uso wake.

Hilo sikumwambia Mwangi. Halikunijia hata akilini kwamba ni la kuambiwa. Ni kama nimwambie mtu akinywa chai ameze.

Na Aika, siku ile jikoni? Ile chupa tulikuwa tunarudishiana tu, mimi na mama yake, nikadhani ameona. Mtoto aliona mchezo.

Wakuu, nilikuwa na sekunde chache. Mzee Sven amebakiza hatua kidogo afike mlangoni. Nikinyamaza, mnada wetu utakuwa ni kuku mmoja, keki na soksi, watu wanywe kahawa waende, na wale watoto wa kwetu waendelee kuandikia magotini. Nikisema, nitasema kwa kile Kiswidi changu, mbele ya watu wote, na mtoto wangu yuko pale mbele kwenye jukwaa lake zuri. Ameshanikanya mara moja. Leo ndiyo kwanza amenishika mkono.

Nikasimama.

Nilichopiga kelele mpaka leo Ndeshi akitaka kuniudhi anakirudia. "Höna inte gå hem! Höna komma tillbaka!"

Kwa Kiswahili ni sawa na mtu aseme, "Kuku hapana kwenda nyumbani! Kuku kuja rudi!"

Mzee Sven akageuka, kuku naye akageuka. Halafu mtoto mmoja akacheka, wakafuata wote, wakafuata wazazi.

Nikamtazama Aika. Amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Nikajisemea, mbuyu umeshaanguka, hauzuiliki kwa mkono. Nikatembea mpaka kwa mzee Sven. Nikamwambia, "Wewe nunua. Wewe mtu mwema. Sasa wewe toa rudi. Mtu mwingine nunua."

Akaniuliza, "Kuku huyu huyu?"

"Kuku huyu huyu."

"Halafu huyo mtu naye anarudisha?"

"Anarudisha."

Mzee akamtazama kuku pale kifuani kwa muda mrefu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa. Kisha akatembea ukumbi mzima kurudi mbele, akamkabidhi Mwangi yule kuku, akapaza sauti kutaja bei yeye mwenyewe. Yaani amemnunua, amemrudisha, na anataka kumnunua tena!

Baada ya hapo sina la kuwaeleza, ilikuwa kanisani kwetu Machame kabisa. Kuku alikwenda, akarudi. Keki zikauzwa na kurudishwa mpaka zikawa na alama za vidole. Kuna baba alinunua soksi, akazirudisha, mkewe akazinunua akamrudishia yeye. Yule kijana wa kunyamaza, aliyekuwa ameichagua siku ile ile, alishindwa, akapiga kelele ya bei, ukumbi mzima ukamshangilia. Gunilla pale mezani akawa anafuta machozi ya kucheka.

Nani alikuwa ananadi? Mwangi.

Nani alipigiwa makofi? Mwangi.

Kuku ananipita mbele ya pua, mimi nimerudi kwenye benchi langu chini ya kamba. Sherehe nimeiokoa mimi, na bado ni ya kwake. Nilikuwa naungua. Sina neno jingine.

Na bado hajanimaliza. Mwisho kabisa, Mwangi akatoa pesa yake mwenyewe, akamnunua kuku. Akasimama akawaambia watu kwa Kiswidi safi kwamba wazo hili ni la baba yake Aika, na kuku huyu alitoka mkononi kwa baba yake Aika, kwa hiyo kwa desturi aliyotufundisha leo anamkabidhi yeye. Akaja mpaka kwenye benchi. Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi.

Akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, pole sana. Hiyo ya kurudisha haukuniambia. Lakini leo umetuokoa."

Mtu mwema angefurahi. Mimi nilipokea kuku, nikatabasamu, na moyoni nasema, kumbe hata sifa zangu lazima apitishe yeye mdomoni kwake ndipo zisikike!

Nikamtafuta Aika. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anatazama sakafu.

Tulirudi nyumbani yeye ametangulia mbele, mimi na mama yake nyuma. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, "Nej." Hapana. Kwa Kiswidi, na bila kugeuka.

Kuku nilimpa mzee Sven akamfuge kwenye kibustani chake. Ndeshi alinuna, alikuwa ameshakata vitunguu.

Siku zikapita. Aika bado ananikwepa. Nikajiambia, haya, umechanga madawati ya watoto wa watu, umempoteza wako. Nilikuwa nikisikia gitaa la Mwangi kutoka chini nakwenda kufunga dirisha ambalo kwa baridi ile lilikuwa limefungwa tayari.

Asubuhi moja ya Jumapili niko bafuni nanyoa ndevu. Simu ikalia sebuleni. Aika akaipokea.

Alikuwa ni Gunilla, na Aika akawa anayarudia maneno yake. Shule ya jirani wamesikia habari za mnada, nao wanachangisha kwa ajili ya mambo yao, wanataka wafanyiwe vile vile. Kwa hiyo mwalimu anaomba wampate yule farbror aliyenadi.

Mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo. Nikashika kiwembe nikasubiri nisikie akimtaja Mwangi.

Aika akasema kwa Kiswidi, na niliielewa kila silabi, "Farbror Mwangi anajua kunadi. Lakini anayejua mnada ni baba yangu. Inabidi baba awepo."

Nadhani mwalimu aliuliza kitu, kwa upole wake.

"Ndiyo," Aika akamjibu fröken wake, ndivyo wanavyowaita walimu kule. "Anaongea vibaya sana. Lakini haidhuru, fröken. Nitasimama karibu yake."

Akaweka simu, akarudi kuchora.

Hakunijia kuniambia chochote mpaka jioni. Na mimi sikumwambia kwamba nimesikia. Mama yake ndiye niliyemwambia, naye akaniuliza mbona nusu ya uso haijanyolewa.

Tulikwenda. Mwangi alikuja pia, na gitaa, na watoto wa shule ile walimkimbilia yeye kwanza kama kawaida. Wivu ulikuwepo, sitawadanganya. Mimi nilisimama mbele, nikaeleza kwa maneno yangu yaliyovunjika jinsi kitu kinavyonunuliwa na kurudishwa. Walicheka. Aika alikuwa amesimama karibu yangu, uso ameuinamisha kwa aibu, wala hakuondoka mpaka nilipomaliza.

Somo nililolipata, wakuu, ni moja. Lako lisemee mwenyewe, hata kwa lugha mbovu. Ukimwachia mwenye ulimi mtamu atalisema vizuri, ila atasahau kile ambacho wewe uliona hakina haja ya kuelezwa, na kuku ataondoka.

Dada uliyeomba mawazo, fanyeni mnada. Mtafuteni kuku mzima. Na kabla hamjaanza mwambieni kila mtu ukumbini, jamani, hapa kitu kinarudi.

Sasa nyie mliolea watoto ughaibuni, au hata hapo mjini kwenye shule za Kiingereza, njooni mseme. Mtoto alishakuonea aibu mbele ya wenzake? Ulimchapa, ulinyamaza, au ulisubiri? Na kama kuna Mkenya humu wa umri wangu aliyewahi kupiga gitaa Vällingby, aseme hapa. Sijamsamehe, lakini ningependa kujua kama bado yupo.